Naomba ushauri: kusomea uhifadhi wa makumbusho, historia ya Marekani ya awali

Wakuu, habari zenu. Nina shahada ya historia na kwa sasa niko Marekani. Natamani kuwa mhifadhi wa makumbusho upande wa vitu vya Wamarekani wa karne ya 18 na 19: samani, vyombo vya fedha, vitambaa. Nimevutiwa na shahada ya uzamili ya Winterthur, makumbusho ya jimbo la Delaware, inayotolewa pamoja na Chuo Kikuu cha Delaware tangu 1952. Pale unasoma kwa kukishika kitu chenyewe, unakigeuza, unatazama kilivyoungwa.

Ndugu zangu wananiuliza, mambo ya Wazungu hayo yanakuhusu nini? Mbona yananihusu sana! Meli za Salem, Massachusetts, zilileta merikani (kitambaa cha pamba) Unguja zikarudi na sandarusi (utomvu mgumu wa mti) na pembe za ndovu, na pembe nyingi zikaishia kwenye piano zilizotengenezwa huko.

Wasiwasi wangu ni ajira. Nafasi ni chache na wengi huanza kwa kujitolea. Mliopitia njia hii, nianze na uzamili, au kwanza nitafute kazi ya kuorodhesha vitu stoo? Na nikirudi Dar, uzoefu huo utanipatia kazi kweli? Msinionee haya, nipeni ukweli.