Mbunge wetu hupinga chama chake mara ngapi? Hesabu inanikataa

Swali
Wadau, nahesabu ni mara ngapi mbunge wetu wa Bunge la Taifa, Kenya, amepiga kura kinyume na chama chake. Nimepakua Hansadi, yaani rekodi rasmi ya mijadala ya Bunge. Nikigawa kura alizoasi kwa kura zote alizoshiriki, asilimia inatoka ndogo mno, na huyu anajulikana kwa ubishi. Kosa liko wapi?

Jibu 1
Liko kwenye idadi unayogawia. Maamuzi mengi ya Bunge hupita kwa kura ya sauti, na hapo hakuna jina linaloandikwa. Hayo yaache kabisa. Baki na kura ambazo Hansadi imeorodhesha majina, kisha uzichuje tena: chukua zile tu ambazo wengi wa mrengo mmoja walipingana na wengi wa mrengo wa pili. Tuseme alishiriki 40, na katika 25 pande zote zilikubaliana. Akiwa ameasi mara 3, hiyo ni 3 kwa 15, yaani asilimia 20. Kwa njia yako ingekuwa 3 kwa 40, yaani 7.5 tu. Marekani nako wabunge wa Congress hupimwa kwa mchujo kama huu.

Jibu 2
Naongezea, mkuu. Amua mapema msimamo wa chama utautambuaje. Agizo la kiranja (mbunge anayesimamia nidhamu ya chama Bungeni) ndilo kipimo bora, ila mara nyingi haliwekwi hadharani, kwa hiyo tumia walivyopiga wengi wa chama. Msimamo wa chama, si wa muungano: mwaka 2024, kwa mfano, mbunge wa chama cha ODM ungempima kwa ODM, si kwa muungano wa Azimio nzima. Na kila hatua ya mswada ipe mstari wake. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipata 204 kwa 115 kusomwa mara ya pili, Juni 20; mara ya tatu, Juni 25, ukapata 195 kwa 106.

Jibu 3
Wasiopiga je? Hiyo Juni 25 jumlisha 195, 106 na 3 zilizoharibika: 304. Wabunge ni 349 bila Spika, kwa hiyo kama 45 hawamo. Anayeogopa chama na wapiga kura kwa pamoja huona heri akae nje. Fungua safu ya "hakupiga", tofauti na ya waliojizuia rasmi (waliokuwepo lakini hawakuunga upande wowote), wala usimwite muasi papo hapo. Soma Hansadi ya siku ile: aliyechangia mjadala kisha jina lake likakosekana kwenye kura ana la kueleza kuliko aliyekosekana wiki nzima.