Viazi vitamu na magimbi kwenye nchi za baridi: tuanze na joto la udongo

Ndugu wapendwa,

Dada yetu ameuliza kama inawezekana kupanda viazi vitamu, magimbi na mihogo mahali penye theluji, kwa mtu asiye na banda la kioo. Namjibu kwa kirefu kwa sababu najua si yeye peke yake anayetamani kulima huku. Viazi vitamu vinawezekana kabisa, magimbi yanawezekana kwa mwenye subira, na muhogo hauwezekani.

Nianze na muhogo ili tuumalize. Unahitaji miezi 8 hadi 12, au zaidi, ya joto lisilokatika, na tena siku ndefu za kiangazi cha huku huufanya uongeze shina na majani badala ya kunenepesha mizizi. Anayetaka kuutazama kwenye chungu na aupande, lakini asitegemee kuchimbua kitu.

Kiazi kitamu kinahitaji miezi mitatu hadi minne tu ya joto, na hapo ndipo tunapopata nafasi. Tatizo ni kwamba wengi wetu hupima joto la hewa na kusahau la udongo. Siku ya kwanza ya jua kali tunakimbilia bustanini, ilhali udongo kina cha kiganja kimoja bado ni wa baridi, pengine nyuzi 11 tu za Selsiasi. Rando, yaani chipukizi la kiazi kitamu linalopandwa, likipandwa hapo halifi. Linaduwaa, majani yanapauka, na baada ya wiki tatu unalikuta vilevile ulivyoliacha. Mimi huchomeka kipimajoto sentimita 10 ardhini kila asubuhi, na sipandi mpaka kinionyeshe nyuzi 18 kwa siku nne mfululizo, hata kama majirani wamekwishapanda mboga zao zote.

Udongo unaweza kusaidiwa upate joto mapema. Inua matuta yenye kimo cha sentimita 25 hivi, yamwagilie, kisha yafunike kwa nailoni nyeusi wiki tatu kabla ya kupanda. Nailoni hiyo lazima ilale juu ya udongo na kuubana, kwa maana ikiachwa na uwazi chini yake, joto linabaki kwenye nailoni yenyewe na haliteremki. Wakati wa kupanda unaitoboa tu na kupitisha rando. Asiye na shamba atumie chombo cheusi cha lita 40 chenye matundu chini, akiegemeze kwenye ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa. Kwa sisi tulio kaskazini mwa ikweta, huo ni ukuta unaotazama kusini. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iepukwe, kwani itakupa marando ya kujivunia na mizizi myembamba kama kamba.

Marando yenyewe yaandaliwe ndani ya nyumba wiki nane kabla. Laza kiazi kizima kwenye trei ya mchanga wenye unyevu, nusu yake ikiwa imefukiwa, mahali penye nyuzi 25 au zaidi. Machipukizi yakifika sentimita 20 yakate, yatie kwenye maji mpaka yatoe mizizi, na kabla ya kuyapanda yazoeze hewa ya nje kidogokidogo kwa muda wa wiki moja.

Kwa magimbi, chagua aina inayozaa vijigimbi vingi vidogo kumzunguka mama, kwa kuwa huvumilia ubaridi kuliko ile ya gimbi moja kubwa. Wajapani huilima aina hiyo katika maeneo yenye sakitu, yaani umande ulioganda, wakati wa baridi. Yachipuze ndani miezi miwili kabla, na yakishatoka nje yasikose maji hata siku moja.

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilivuna vizuri, nikaweka viazi kwenye stoo isiyopashwa joto, nikidhani baridi ingevihifadhi. Kwa nje vilibaki vizuri. Nilipokikata kimoja nilikuta ndani pamegeuka kahawia, na vile vilivyoonekana vizima nilivichemsha kwa muda mrefu mno, vikabaki vigumu katikati kama gome. Kiazi kitamu hudhurika chini ya nyuzi 12 hivi, hata bila kuganda, kwa hiyo kwenye friji pia si mahali pake. Chimbua kabla udongo haujapoa, na sakitu ikiunguza majani, kata marando siku hiyohiyo na uchimbe bila kuchelewa.

Viazi vikishatoka ardhini visioshwe. Viweke kwa wiki moja kwenye joto la nyuzi 29 au 30 na unyevu mwingi, ili michubuko ifunge na ngozi ikomae. Mimi huvipanga kwenye sanduku lenye kifuniko pamoja na dumu la maji ya moto ninayoyabadilisha asubuhi na jioni, na kitambaa kibichi pembeni. Baada ya hapo nyuzi 13 hadi 15 zinatosha, na kabati la ndani lililo mbali na kipasha joto hutimiza hilo. Vijigimbi vya mbegu vikaushwe kidogo na kufukiwa kwenye maranda makavu ya mbao, mahali pasipofikiwa na sakitu.

Dada, kabla ya kula hata kimoja, tenga viazi vitano visivyo na jeraha kwa ajili ya marando ya mwaka ujao, na uandike juu yake jina la aina na tarehe uliyovuna.