Tupeane uzoefu: Kiwewe kinakubana na tiba kamili huiwezi

Utingo wa Mafinga: Kamwene wadau. Nilikuwa utingo wa lori la mbao za Sao Hill. Breki zilikataa kwenye mteremko wa mlima Kitonga, dereva wangu akafariki, mimi nikavunjika mkono. Mkono umeunga, usingizi haujarudi. Lori likipumua breki tu, jasho linanitoka, nipo tena kwenye ile kona. Daktari alisema ni PTSD, kiwewe kinachokung'ang'ania hata mwezi ukishapita tangu tukio. Tiba ya mazungumzo mara nyingi ni vikao 8 hadi 15, kimoja kila wiki, kwa mtaalamu aliyesomea kazi hiyo. Mimi ni kibarua. Nauli ya kila wiki pamoja na siku ya kazi inayopotea siwezi. Mliokwama hapo hapo, mnaishije? Neno la kujikaza nimeshaambiwa sana, naomba tuliache.

Mama Tukuyu: Pole sana mwanangu. Changu kilianzia leba, nilitokwa damu nyingi nikajua ndiyo nakufa. Ikawa sipiti hata mbele ya zahanati. Chanjo za mtoto alipeleka wifi. Nesi mmoja alinifundisha: kikianza, taja vitu vitano unavyoviona, gusa vinne, sikiliza vitatu, nusa viwili, onja kimoja. Nafanya hata katikati ya shamba la chai, wenzangu wameshazoea. Sitakudanganya, ugonjwa hauondoki kwa hilo, ila linanirudisha kwenye siku ya leo. Kilichonisaidia zaidi ni kumweleza mume wangu. Zamani nikipiga kelele usingizini alinitikisa, nami nampiga ngumi bila kujua. Siku hizi anajua namna ya kuniamsha.

Boda wa Uyole: Kaka, usipite nilikopita mimi. Baada ya kuporwa pikipiki kwa mapanga nililala kwa komoni, pombe yetu ya kienyeji. Ilipokosa nguvu nikaongeza valium, vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi, za duka la dawa. Usingizi nilipata, na mchana hasira, mpaka mke akarudi kwao.

Nesi, Iringa vijijini: Boda, asante kwa kusema. Valium haitibu PTSD, miongozo ya tiba inashauri isitumike kwa ugonjwa huu, na ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi. Aliyeizoea asiikate ghafla, amwone daktari. Dawa zinazosaidia baadhi ya watu zipo, kama fluoksetini na sertralini. Humezwa kila siku na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Utingo, waombe kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa wakupangie hata mara moja kwa mwezi. Nusu ya tiba ni bora mara nyingi kuliko kukaa bure ukingoja iliyo kamili. Yakija mawazo ya kujiua, usingoje tarehe: mwambie mtu asikuache peke yako, mwende hospitali ya karibu usiku huo huo.

Mdau wa Njombe: Mimi ilikuwa ajali ya basi. Nilikimbia kila kitu chenye injini, na kadiri nilivyokimbia ndivyo hofu ilivyokua. Kaka yangu akawa ananipeleka stendi ya Makambako, tunakaa tu kwenye benchi, hatupandi. Hofu ilipanda, tunaiacha ishuke yenyewe, ndipo tunaondoka. Baadaye safari fupi, siti nikiichagua mimi. Usikimbilie Kitonga.

Nesi: Sawa kabisa, hatua ndogo na uwe na mtu. Ukizidiwa kiasi cha kutojua uko wapi, acha hapo hapo, hilo lifanye na mtaalamu.

Utingo wa Mafinga: Asanteni. Nitamwomba shemeji tukae pale wanapopakia mbao, magari yakiwa yamezimwa kwanza. Mama Tukuyu, mzee anakuamshaje?

Mama Tukuyu: Anawasha taa, anabaki mlangoni, hanigusi. Ananiita jina langu mpaka niitike, ndipo ananiambia tuko nyumbani, ni saa ngapi, na mtoto amelala. Mfundishe hivyo yeyote unayelala naye nyumba moja, na mfundishe mchana.