Mrejesho: ile pikipiki Honda CG125 ya mjomba imewaka

Wakuu, niliuliza kama CG125 iliyolala bandani Igoma, Mwanza, tangu mjomba aache kuendesha inafufuka, au niwauzie wa vyuma chakavu. Imewaka!

Mlionizuia kufungua injini kabla ya kupima cheche na mafuta, asanteni. Cheche ilikuwepo, jeti ndogo ya kabureta (kitundu cha kupitishia petroli) ndiyo iliyoziba kwa utando wa petroli ya zamani. Tanki nililijaza siki usiku kucha kutoa kutu, nikalitikisa na kipande cha cheni ndani, nikasuuza kwa maji yenye magadi, nikakausha na kupaka oili papo hapo. Ukichelewa, kutu inarudi.

Spea hazikunitesa. Bodaboda nyingi za Kichina zina injini iliyoigwa kwa hii ya CG, kwa hiyo kleci pleti na gasketi zipo mjini. Ila nenda na ya zamani mkononi mfananishe, si zote zinakubali.

Urembo: siti nimeifupisha. Usukani wa chini mliousifia nimeukataa, maana kupanda kilima cha Bugando umelalia mikono ni adhabu. Rangi bado, mchomeleaji hajamaliza chesesi. Picha zitafuata.