Kufunga maji kabla ya kubadilisha koki ya jikoni: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu. Jumamosi nilitaka kubadilisha koki ya sinki la jikoni, ile ya zamani ilikuwa inavuja shingoni usiku kucha. Nikatoka nje, nikafunga valvu ya kwenye mita, nikarudi ndani na spana. Kabla sijagusa nati nikafungua koki nione: maji yanatoka kama kawaida. Nikasubiri dakika kumi, bado. Nikaenda kuangalia mita, haizunguki hata kidogo. Ndipo nikanyanyua macho nikaliona tanki la lita 1000 juu ya mnara.

Kumbe maji ya jikoni kwangu hayatoki barabarani moja kwa moja. Ya barabarani yanapanda kwanza kwenye tanki, likijaa boya linayakata, halafu ndiyo yanashuka ndani. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe na nimeishi humu miaka sita, lakini valvu ya kushushia nilihangaika kuitafuta nusu saa. Ilikuwa chini ya mnara, imefunikwa na majani. Naamini siko peke yangu. Waliowahi kukutana na haya, karibuni mtueleze ilikuwaje.

*Mkazi wa Tabata*
Mkuu, wewe angalau ulijaribu koki kwanza. Kwangu fundi alisema "nimeshafunga", nami nikamwamini. Nyumba yetu ina njia mbili: ya tanki, na nyingine ya moja kwa moja tuliyoiweka kwa ajili ya siku tanki likikauka. Zote zinakutana kwenye bomba moja kabla ya kuingia jikoni. Alifunga ya tanki tu, na siku hiyo mgao ulikuwa wetu. Nati ilipolegea maji yalipiga kabati lote la chini, na mfuko wa unga wa kilo 25 ukaloa. Mke wangu alikuwa ameununua asubuhi ile ile. Siku hizi nafungua bomba la uani, ambalo liko chini kuliko yote, naliacha wazi mpaka likauke kabisa. Lisipokauka, jua kuna njia nyingine hujaifunga.

*Mama wa Kinyerezi*
Sisi tunatumia kisima, na maji yetu yana chumvi. Valvu ya gurudumu ilikuwa haijaguswa tangu iwekwe. Kijana wangu alipoona haizunguki akaikaza kwa plaizi, shina likakatika, mlango wa ndani ukabaki nusu. Haifungi, haifunguki. Ilibidi tumwage tanki zima. Nawashukuru sana majirani, walikuja na madumu na ndoo, hayakupotea bure. Tuliweka ile ya mpini, unageuza robo tu, na kila baada ya miezi michache naifunga na kuifungua ili isigande.

*Fundi bomba, Morogoro*
Mama hapo juu amesema kweli. Valvu ya gurudumu ikigoma usiilazimishe. Ipeleke na kurudi kidogo kidogo, na ikikataa kabisa tafuta nyingine iliyo kabla yake, upande maji yanakotoka. Ukishaifungua hadi mwisho, irudishe nyuma kidogo, isikae imebana.

Watu wanayadharau maji ya tanki kwa sababu hayana presha. Ni kweli, kila mita 10 za kimo ni baa 1 ya presha, kwa hiyo tanki lililo mita 3 juu ya koki halifikishi hata nusu baa. Lakini lita 1000 hazina haraka, zitakumwagikia mpaka ziishe.

Kama koki yako ni mixer na kuna hita, zima kwanza swichi ya hita. Mixer ina mabomba mawili, na ukifunga la baridi peke yake bado la moto linaweza kukumwagia. Wakati wa kulegeza, shika fitingi ya ukutani kwa spana ya pili. Bomba la plastiki la PPR likijipinda ndani ya ukuta utavunja vigae, nimeshaitwa mara nyingi kwa kazi hiyo. Tredi tepu, ule utepe wa kuzuia tredi isivuje, izungushe kama mshale wa saa, mdomo wenye tredi ukiwa unakutazama. Mkirudisha maji, fungueni taratibu, na kile kichujio cha mdomoni mwa koki mkivue kwanza, kwa sababu michanga yote hukimbilia pale.

*Nairobi, orofa ya nne*
Kwa sisi wa fleti ni tofauti. Valvu za nyumba nane zimepangwa pamoja kwenye kijumba cha korido, hazina alama. Plamba alifunga aliyodhani ni yangu, kumbe ni ya jirani aliyekuwa anaogesha mtoto mchanga. Niliona vibaya sana. Nilimwomba radhi, tukakaa na keretaka, tukafunga moja moja huku mtu akiangalia mfereji, na kila valvu ikaandikwa namba ya nyumba kwa rangi.

*Muscat*
Huku matangi yako juu ya dari, na valvu nayo iko huko huko. Kazi hii ifanyeni alfajiri. Wakati wa joto, mchana maji ya bomba la baridi yanatoka ya moto, na valvu ya chuma haishikiki bila kitambaa.

*Mwanzisha mada*
Ahsanteni sana, nimeandika yote. Leo nimesafisha majani pale mnarani na valvu ya kushushia nimeipaka rangi nyekundu. Fundi wa Morogoro, nataka niweke engo valvu, zile valvu ndogo za kona, chini ya sinki ili siku nyingine nisifunge nyumba nzima. Ninunue za kipimo gani?

*Fundi bomba, Morogoro*
Nusu inchi pande zote mbili, na chukua mbili, moja ya baridi na moja ya moto. Ivue koki ya zamani uende nayo dukani, ulinganishe tredi kabla hujalipa.