MREJESHO: Kipimo cha ugumu wa tezi dume kwa mzee wangu
Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama elastografia, ile ultrasaundi inayopima ugumu wa nyama, ingemwepusha baba (PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 11, juu ya kawaida) na sindano ya kutoa vinyama. Asanteni sana, hasa mliosema inaelekeza sindano tu, haichukui nafasi yake. Niliwafuata.

Kidole cha daktari hakikuhisi kitu, lakini kwenye skrini yalionekana madoa mawili magumu. Akachukua vinyama 12 vya kawaida, na 2 kila doa. La kushoto ni saratani. MRI inaonyesha haijatoka nje ya tezi. La kulia ni uvimbe sugu tu, si saratani, nao hukaza nyama vilevile. Sindano hakuikwepa, na alikojoa damu siku 3. Jumatatu tunaonana na daktari kuhusu matibabu.