Kujinyima ndiko kunakozaa ulafi, au tunatafuta pa kujifichia?

Kijiko Kimoja:
Wadau, wiki tatu nilikuwa sijagusa sukari. Juzi kazini mtu kaleta biskuti, nikala moja. Moja tu! Badala ya yaishe, kichwani ikaja ile sauti: siku imeshaharibika, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Saa tano usiku nimesimama jikoni, taa nimezima, namalizia pakiti. Na njaa sikuwa nayo, ndicho kinachoniuma.

Kumbe jambo hili lilishapimwa. Mwaka 1975 Herman na Mack waliwapa wanafunzi wa kike wa chuo kinywaji kizito cha maziwa, wengine hawakupewa, kisha wakawawekea aiskrimu wakisingizia wanataka maoni juu ya ladha. Wale wasio na habari ya kujinyima, wakishakunywa, aiskrimu walikula kidogo. Waliozoea kujinyima ikawa kinyume: waliokunywa walikula aiskrimu nyingi kuliko wajinyimaji wenzao ambao hawakunywa kitu. Swali langu: anayejibana ndiye anayejitengenezea ulafi? Na kama ndivyo, tuache kujibana?

Jiwe la Pembeni:
Nidhamu huna, basi. Aiskrimu za 1975 za nini? Mtu anayezima taa ili ale anajua anachofanya. Huo ni wizi.

Kijiko Kimoja:
Wizi?? Biskuti nimenunua mimi, jiko langu, mdomo wangu. Nimemwibia nani?

Jiwe la Pembeni:
Uliyemwahidi. Usiniambie kuna mtu anaacha sukari wiki tatu bila kumtangazia mkewe.

Shibe Njema:
Hahaha Jiwe kaja na pingu kabisa. Kijiko, nyoosha mikono, weka pakiti chini.

Ila tusimcheke. Kuna jaribio walifanya Marekani wakati wa vita kuu, wanaume kama mia hivi walilazwa njaa mwaka mzima, wakatoka wamerukwa na akili kwa chakula. Kwa hiyo mwili ukibanwa hulipa kisasi, nidhamu haisaidii.

Fundi Mizani:
Shibe, walikuwa 36, si mia, na njaa yenyewe ilikuwa wiki 24. Ni Minnesota, 1944 hadi 1945, chini ya Ancel Keys. Walijitolea wenyewe, vijana waliokataa kushika silaha. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wanalamba sahani. Walipofunguliwa, baadhi walikula mpaka tumbo linauma na bado wanasema hawajashiba.

Lakini angalieni tofauti. Wale njaa ilikuwa mwilini kweli kweli. Kijiko amekula mchana, amekula jioni. Yake ilianzia kwenye sheria aliyojiwekea na kuivunja. Polivy mwaka 1976 alionyesha kwamba kinachomfungua mjinyimaji ni *kuamini* kwamba amekula kitu chenye kalori nyingi, hata kama si kweli. Tumbo halina habari, kichwa ndicho kinachotangaza msiba.

Jiwe la Pembeni:
Asante Fundi. "Kichwa." Ndicho nilichosema, nidhamu.

Fundi Mizani:
Sicho ulichosema. Nimesema sheria yenyewe ndiyo inayompa sababu ya kusema potelea mbali. Asingekuwa na sheria, biskuti moja ingebaki biskuti moja.

Mama Watatu:
Mimi bado nipo kwenye "wizi", samahanini. Jiwe, neno hilo limenikuta pabaya. Niliishi miaka na mtu anayehesabu biskuti. Anafungua kabati, anahesabu, anafunga, hasemi neno. Unajua nilijifunza nini? Kupanga upya zilizobaki zionekane nyingi. Nikawa bingwa. Kabla ya hapo sikuwahi kula kwa kujificha maishani mwangu. Kwa hiyo wewe unayemwita mwenzako mwizi, ujue polisi ndiye aliyeanza, mwizi akaja baadaye.

Shibe Njema:
Mama Watatu nakuvulia kofia.

Jiwe la Pembeni:
Pole dada, ila huyo wako alikuwa na matatizo yake. Mimi kwangu friji halina kufuli, ila kila mtu anajua saa ya kula. Hakuna anayelalamika.

Mama Watatu:
Hata kwangu hakuna aliyelalamika.

Kijiko Kimoja:
Hapo umemaliza, dada. Jiwe, ukiamka usiku uende ukachunguze jikoni kwako kabla ya kuja kunihubiria.

Fundi Mizani:
Mada jamani. Hata upande wangu una tundu na nitalisema mwenyewe. Stice na wenzake mwaka 2004 waliwaangalia watu wenye alama za juu kwenye madodoso ya kujinyima, wakapima wanachokula hasa. Hawali kidogo kuliko wengine! Maana yake dodoso linaweza kuwa linamkamata mtu *anayehangaika* na kula, si anayekula kidogo. Tena dodoso la Herman mwenyewe linauliza kama uzito wako hupanda na kushuka. Ukimpata mtu wa hivyo kisha ukakuta anafakamia, umegundua nini? Umezunguka mti.

Ndiyo maana namwamini zaidi Westenhoefer, aliyetenganisha mwaka 1991 kujibana kwa aina mbili. Kuna kwa "kamwe", na kuna kwa "leo kidogo, kesho nitapunguza". Kufakamia kunafuatana na ile ya kwanza. Kijiko, wewe ulisema "sijagusa".

Shibe Njema:
Fundi unaandika kama unalipwa kwa neno. Mimi bado nataka kujua kuhusu friji la Jiwe. Hiyo "saa ya kula" nani aliipanga?

Jiwe la Pembeni:
Mimi ndiye baba wa nyumba, nani mwingine?

Mama Watatu:
Haya.

Jiwe la Pembeni:
"Haya" maana yake nini? Watoto wakiachiwa kabati wazi watakula mkate mkavu?

Mama Watatu:
Baba, mimi nimelea watatu. Kabati wazi, wiki ya kwanza wanakomba, ya tatu wanapita wakielekea mpirani. Ukifunga, hawasahau hata siku moja.

Mgeni wa Mlangoni:
Naingia nimechelewa. Mada si ilikuwa kama tuache kujinyima au la? Jibu ni lipi?

Shibe Njema:
Mgeni, tulishahama huko. Sasa tupo kwenye katiba ya nyumba ya Jiwe.

Kijiko Kimoja:
Na mimi bado nasubiri aniombe radhi. Pakiti zangu mbili nilizonunua kwa jasho langu haziwezi kuitwa mali ya wizi.

Jiwe la Pembeni:
Mbili? Mwanzo ulisema pakiti. Rudi juu usome.

Kijiko Kimoja:
Ya pili sikuimaliza.